Kwaya ya Murara na Ukurasa Usio na Pambo

Tovuti ya kwaya yetu ya Murara, hapa Goma, niliitengeneza mimi, na nilijivuna nayo kupita kiasi. Maneno ya kila wimbo mpya niliyaweka kwa dhahabu juu ya picha ya ziwa, yakaelea polepole kama mvuke wa chai. Wote walinisifu isipokuwa Nishimwe.

Nishimwe haoni tangu utotoni. Sauti yake haina mfano, lakini kwenye nyimbo mpya hunishika mkono wa blauzi, nami humnong'oneza kila mstari. Kwa hiyo huingia akiwa amechelewa kidogo. Papa Magloire, mwalimu wetu, alipotafuta wa kuongoza wimbo wa Pentekoste, alimruka.

"Mwenye kuongoza hawezi kuwa mutu wa kufuata wengine," alisema. Nishimwe aliinamisha kichwa, na mimi iliniuma.

Nilimwuliza kwa nini hajifunzi maneno nyumbani, maadamu simu yake humsomea kwa sauti.

"Site yako haiko inaniambia kitu, Élodie. Inasema tu: image, image, image. Maneno iko wapi?"

Nilinuna njia nzima. Nilipofika nyumbani udadisi ukanishinda: nikawasha sauti hiyo kwenye simu yangu, nikafumba macho, nikafungua tovuti. Image. Image. Picha, picha tu. Nikapapasa kioo kama mtu aliyepotea chumbani kwake. Kweli, usilolijua ni usiku wa giza. Maneno yote nilikuwa nimeyafungia ndani ya picha.

Nikaanza kung'oa. Skripti, zile amri za kompyuta zilizofanya maandishi yaelee, zikatoka, rangi zikatoka, ziwa likatoka, na maneno nikayaandika upya kwa herufi za kawaida. Kila nilipotoa kitu nilisikiliza tena, nikitaka kujua sasa itasema nini. Ikabaki HTML tupu, maandishi ya tovuti yasiyo na pambo: jina la wimbo, beti zake, na kiungo cha wimbo unaofuata. Ukurasa haukuwa na sura ya kupendeza, ila ulifunguka papo hapo, na sauti ikausoma wote kwa lafudhi ya Kifaransa ya kuchekesha. Nikamtumia Nishimwe.

Kwenye mazoezi, Papa Magloire alipogusa kinanda kuanza wimbo wa Pentekoste, nikainama kumnong'oneza Nishimwe kama kawaida.

"Dada, nyamaza kidogo," alisema. "Uko unanichanganya."

Akaachia blauzi yangu, akaingia kwa wakati barabara. Kwenye ubeti wa pili maneno yalinitoka kichwani, nikamfuata yeye. Papa Magloire akaona. Akainua mkono kutunyamazisha sisi wengine, akamwacha Nishimwe peke yake na wimbo.