Alama ya Sabuni

Mtoto alikuwa akilia, maziwa yangali baridi, na Memsabu amesimama mlangoni pa kijichumba cha meli, saa ya mezani mkononi.

"Eliwaza, saa hii iko nyuma. Jana si nilikuambia wamesogeza saa ya meli mbele?"

"Uliniambia, Memsabu. Lakini hii ni ya Same. Haijaharibika."

Memsabu alicheka kichovu, akaizungusha mishale mwenyewe. "Tunaelekea jua linakotoka. Kila tukisonga mbele, asubuhi inatuwahi. Huku kumekucha, na Same bado watu wamelala. Pasha maziwa."

Eliwaza alipasha maziwa, akamnywesha Diki mpaka akanyamaza. Kisha aliitazama ile saa kama mtu anavyomtazama rafiki aliyehongwa. Alichukua kipande cha sabuni, akachora mstari mwembamba kwenye kioo, pale ambapo mshale ungekuwa umefika wakati ndiva ya kijijini kwao, Myamba, ikizibuliwa.

Ndiva ni bwawa la udongo. Usiku kucha hujaa maji ya kijito, na asubuhi saa kumi na mbili mzee Zebedayo huchomoa kizibo, maji yakateremka mferejini kwenda kwenye shamba la mwenye zamu. Myamba nzima huamka kwa ndiva. Hapo ndipo Eliwaza alipoagana na bintiye Anaeli, asubuhi ya kuondoka.

Anaeli hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Alisema tu, "Baba naye alivuka bahari." Baba yake, Hezroni, alivuka kwenda vita vya Burma wakati Anaeli akiwa mgongoni, na kilichorudi ni habari. Eliwaza angesema nini? Kazi ya uyaya ndiyo iliyowalisha, na Diki hakukubali kulishwa na mtu mwingine. Akamshika mtoto mabega. "Kila ndiva ikizibuliwa, simama hapa useme Baba Yetu. Na mimi huko niliko nitasema saa hiyo hiyo. Utajua nipo."

"Na ukisahau?"

"Sisahau."

Ahadi ni deni, na hili alilichukua kwa mikono miwili.

Wazungu nao, Mungu awabariki, hupumzika kwa kujichosha. Mume wa Memsabu, bwana wa shamba la mkonge, alikuwa na baraza lenye upepo wa milima ya Pare, lakini alipopewa likizo alifunga masanduku, akapanda treni mpaka Mombasa, akapanda meli. Kwanza Shelisheli, wakaota jua. Kisha Bombay, wakanunua vitambaa. Kisha Seloni, kuota jua tena. Na kila meli iliposogeza saa, Eliwaza alifuta alama yake kwa kidole akachora nyingine mbele zaidi. Mwanzoni alisali kabla ya chai. Walipofika Seloni, sala ya alfajiri ya Myamba ilimkuta ufukweni, jua limepanda, wageni wa hoteli wakijipaka mafuta.

Siku moja hapo ufukweni, saa akiwa ameiweka mchangani kando yake, mshale ukagusa alama. Eliwaza alimkalisha Diki mchangani, akageukia magharibi, akafumba macho. Alikuwa ameiona ndiva, na Anaeli ukingoni, aliposikia ukelele wa Memsabu.

Diki alikuwa majini, wimbi limemfika kifuani, anacheka. Eliwaza alitimka na kanga yake, akamnyakua kabla wimbi la pili halijavunjika. Mtoto hakudhurika hata kidogo. Memsabu alikuwa mweupe kama chokaa.

"Ulikuwa umelala? Umesimama, umelala?"

Mtu mwingine angesema jua limemzidi. Eliwaza, maji yakimchuruzika, alieleza yote: ndiva, Anaeli, Hezroni, sabuni. Alijua kwamba huenda anaeleza kibarua chake kikiota nyasi.

Memsabu aliiokota saa mchangani, akautazama ule mstari. Aliposema, sauti ilikuwa imeshuka. "Kumbe ndiyo maana kioo hakitakati. Basi wakati huo nipe mimi mtoto."

"Asante, Memsabu. Lakini wewe una wageni wako, na Diki ni kazi yangu. Nitasali macho wazi."

Na ndivyo alivyofanya. Asubuhi baada ya asubuhi yule mwanamke wa Myamba alisimama kando ya bahari ile kubwa, macho kwa mtoto wa mwenzake na moyo kwa wake, asimpunje hata mmoja. Safari ya kurudi, meli ilirudisha saa nyuma, naye akarudisha alama yake kidogo kidogo, mpaka walipofika Mombasa alama ikatua kwenye saa kumi na mbili. Hapo akaifuta kwa pindo la kanga.

Alipanda Myamba kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Mama yake, Ruthi, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja umtie huyu akili. Tangu masika yaanze Zebedayo hajazibua ndiva hata mara moja, nani anataka maji? Lakini huyu kila kukipambazuka yuko ukingoni, analowa. Namwambia haizibuliwi leo, ananiambia, 'Bibi, mama hajui kama kunanyesha.'"

Anaeli alikuwa amejibanza nyuma ya bibi yake, akimkagua mama kana kwamba ni mgeni. Hakusogea. Eliwaza aliumia, lakini hakumvuta.

Asubuhi, mvua ingali ikinyesha, alimwona akichukua jani la mgomba la kujikinga na kutoka. Akamfuata. Ndiva ilikuwa imejaa pomoni, kizibo kimetulia mahali pake. Walisimama ukingoni, wakaanza pamoja, taratibu. Katikati ya sala Anaeli akafumbua jicho moja.

"Mama, mbona hufumbi macho?"

"Huko nilikokuwa nilikuwa na mtoto wa kuangalia. Nimezoea."

"Sasa unamwangalia nani?"

"Wewe."

Anaeli alifumbua na jicho la pili. Kisha akasogea, akaliinua jani likawafunika wote wawili, akaanza sala upya tangu mwanzo, macho yake makavu yakiwa wazi usoni pa mama yake.