Kaseti ya Salma

Mwaka ule mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, Agatha wa kijiji cha Nangwa alishikwa na wivu juu ya Salma, mwenye duka la kaseti pale Katesh. Kila siku ya mnada mumewe, Yohanes, alikwenda kuuza maharage, akarudi amechelewa, na mdomoni ana jina moja tu. Salma kasema gitaa hili, Salma kasema ngoma ile. Kisha alifungulia kaseti ya bendi ya roki ya Wazungu aliyouziwa na Salma, akawa anatikisa kichwa, mkewe akimsemesha haitikii.

Siku moja Yohanes alipokwenda shambani, Agatha aliiweka ile kaseti kwenye redio, akitaka kujua yule mwanamke anampa mumewe kitu gani. Mara ya kwanza alisikia kelele tupu, kama mashine ya kusaga. Akarudia kwa hasira. Mara ya tatu, gitaa lilipopanda na mwimbaji akapiga ukelele, moyo ulimwenda mbio, akajikuta amesimama na mwiko mkononi, ugali unaungua.

Mnada uliofuata alimtangulia mumewe dukani.

"Umekuja kunigombeza, dada?" Salma aliuliza.

"Nilikuja kwa hilo," Agatha alisema. "Lakini kwanza niambie, hawa watu wana kaseti nyingine?"

Salma akacheka, akamvutia kigoda. Yohanes alipofika aliwakuta wakibishana juu ya mpiga ngoma, wala hakuna aliyemkaribisha. Alisimama mlangoni, uso umemshuka. Agatha alimwona, akaona raha, akaongeza sauti ya redio ya dukani.