Buluu ya Mtoni

Kitambaa cha kuchorea hakikupatikana Kayanga, kwa hiyo Mukantabana alichorea kwenye rubugo, ile nguo ya gome la mti. Aliibandika ukutani kigangoni, akapaka samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kama mama yake alivyokuwa akipamba nyumba ng'ambo ya mto. Juu yake akapaka udongo mweupe, ndiyo amani. Akagundisha majani makavu ya migomba, ndiyo vilima. Mwisho akakoroga buluu ya kufulia, ukawa mto Kagera. Picha iliagizwa na Theoneste, mwenyekiti wa kigango, ambaye naye alivuka mto ule mwaka uliopita, tisini na nne, mwaka wa mauaji. Alitaka mto uliotulia.

Jumatatu picha ilianza kuvuja. Eugenia, mama wa Kihaya anayefagia kigango, aliweka ndoo chini yake.

"Shikamoo mama," Mukantabana alimsalimu.

"Marahaba. Umechorea rubugo, mwanangu. Huku kwetu zamani ndiyo tuliyozikia watu. Wasiozikwa wakiiona, wanaijia."

"Sikujua."

"Basi ndiyo hivyo." Akaendelea kufagia.

Wakaja. Kwanza vidole chini ya buluu, kisha mikono, kisha Nyirabageni mpaka kiunoni, mdogo wake Mukantabana, aliyepotelea kivukoni. Alikuwa na kitenge kilekile cha siku ile. Mukantabana alimshika mkono akavuta. Alitaka amtoe tu, amzike, yaishe.

Theoneste aliingia na Biblia kwapani. Nyirabageni akageuka, akamnyooshea kidole. Na wengine wote waliokuwa mtoni wakamnyooshea.

Mukantabana aliuachia ule mkono. Theoneste alikuwa amekula kwake mara nyingi, na yeye Mukantabana alikuwa akimwita kaka.

"Rangi imekuwa nyepesi, dada," Theoneste alisema kwa upole. "Bado unaishi peke yako kule Bugene?"

"Ndiyo, kaka."

"Ongeza buluu."

Jumapili waumini walisogeza mabenchi wasilowe. Baadhi yao walifuata kidole kwa macho mpaka kilikoelekea, wakainamia vitabu vya nyimbo. Ya nini kujitafutia makubwa? Wimbo uliimbwa mpaka mwisho.

Jumamosi iliyofuata Theoneste alileta pakiti za buluu mwenyewe, akasimama nyuma ya Mukantabana, karibu mno, pumzi yake ikimfikia shingoni. Mukantabana aliogopa hata kugeuka. Alichovya kitambaa akapaka: kidole, mkono, mabega. Alipofika usoni akaanza kupaka pembeni.

"Hapo umeruka," Theoneste alisema.

Nyirabageni alimtazama dada yake. Kisha akafumba macho mwenyewe, ili iwe rahisi.

Kesho yake Theoneste alisoma somo la kwanza. Eugenia alimwaga maji ya ndoo nje, akairudisha palepale chini ya picha.