Mtu Kando ya Birika

Kila Jumamosi baada ya alasiri ua wa Bi Mejumaa kule Bondeni ulijaa watu, maana palikuwa na kahawa, mahamri na umbea wa wiki nzima, na juu ya hayo palikuwa na darasa la kuchora. Mwalimu alikuwa Mung'aro, karani wa godauni moja la Shimanzi. Kuchora hakufundishwa na mtu. Rangi alizipata kwa wapaka malori, makopo yaliyobakia vidole viwili, na mbao zake zilikuwa plaiwudi za makasha yaliyovunjika. Wanafunzi walikuwa sita, watu wazima wote, na sharti lilikuwa moja, la mwenye nyumba: hapachorwi chenye roho.

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi walichora birika. Walipomaliza, kwenye mbao zote sita palikuwa na mtu amekaa kando ya birika, amejifunga kikoi, kiatu mguu mmoja. Wote walimjua. Ni Chengo, kuli wa godauni lile lile, aliyepotea katikati ya Ramadhani.

"Mwalimu," alisema Bi Mejumaa, "si tulikubaliana hapachorwi watu?"

Mung'aro akaomba radhi, akaleta chokaa, wakampaka Chengo mpaka akafutika. Jumamosi ya pili walichora mlango. Chengo akauegemea, simiti imemkaukia magotini. Wakampaka tena. Ya tatu walichora mbuzi ya kukunia nazi, na simiti ilikuwa imefika kifuani. Mwanafunzi mmoja akalalamika kwamba mtu huyu anamharibia kazi.

Kufikia Jumatatu Tumu, mkewe Chengo, alikuwa ameshaipata habari hiyo kwa vinywa vitatu.

Daftari la kazini lilisema Chengo ametoroka. Kwa hivyo mama mkwe alitangaza mtaa mzima kuwa mwanawe ameoa Malindi, kwa sababu wa hapa hajui kupika. Na sheikh wa mtaa alimwambia Tumu kwamba pasipo mtu aliyeona, mumewe yu hai: hana eda ya kukaa, hana khitma ya kumsomea, hana kaburi la kuzuru. Tumu hakutaka kingine. Alitaka aambiwe ni mjane, ajifungie, amlilie mtu wake.

Jumamosi ya nne alikuja, akaketi mbele ya mwalimu.

"Kaka Mung'aro, daftari lile waandika wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Ulimwona akitoroka?"

Mung'aro alikuwa ameona magunia ya sukari yakimwangukia Chengo saa nne ya asubuhi. Alikuwa amemsikia meneja akiulizia simiti ya sakafu mpya ya kupakilia malori. Kisha meneja alimwambia aandike neno moja, naye akaliandika kwa mwandiko wake mzuri. Ana watoto wanne, na kazi Shimanzi haziokotwi.

"Dada, mimi hapa nafundisha kuchora tu."

"Basi nichoree mume wangu."

Bi Mejumaa akageukia mahamri yake, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Mung'aro akachora, na hajapata kuchora vizuri vile. Chengo alitokea, simiti mpaka kidevuni, nyuma yake sakafu ya kupakilia na mlango wa godauni, namba yake inasomeka. Rangi ilipokauka akageuza shingo, akampa Mung'aro kisogo, akamtazama mkewe.

Tumu aliipeleka kwa sheikh, akaambiwa picha haitoi ushahidi. Aliipeleka kwa polisi, ambako afisa aliisifu sana, akauliza kama mwalimu angeweza kumchora binti yake. Mama mkwe aliiangalia kwa muda mrefu, akasema uso umejaa, huyo wa Malindi anajua kupika.

Darasa likaendelea. Chengo alikuja kila Jumamosi, na wanafunzi wakazoea kumwachia nafasi upande wa kushoto. Tumu akawa mwanafunzi wa saba. Yeye alichora sakafu tu, wiki baada ya wiki. Kabla ya kuchovya brashi alimuuliza mwalimu, kwa upole, mbele ya ua mzima, kama siku ile alikuwapo. Mung'aro akamsogezea kopo la nyeupe na kopo la nyeusi, akamwonyesha namna ya kuchanganya kijivu.