Fyuzi Isiyolala

Shangazi alipohama hakuhofia kabati wala vyombo. Alihofia mayai.

"Vingine vikivunjika vimevunjika," alimwambia Cheche, aliyekuwa amejilaza chali chini ya dashibodi ya pikapu, miguu ikining'inia nje ya mlango. "Ila haya yakipoa njiani, mwanangu, mimi na wewe hatutazikana."

Jina la Cheche alipewa na mafundi wenzake zamani akijifunza kazi, siku aliyogusanisha nyaya za betri akaruka kama panzi. Sasa alikuwa fundi wa umeme wa magari mwenye kibanda chake na wateja wake, lakini jina lilikwishaganda. Pikapu aliyokuwa amejikunja ndani yake ilikuwa ya marehemu mume wa Shangazi. Mayai yalikuwa ya bata, yamepangwa kwenye mashine ya kuangulia: kasha jeupe la plastiki, lenye kifuniko cha kuonea ndani na balbu ya rangi ya machungwa. Nyumbani lilichomekwa ukutani. Lilikuwa pia na waya wa kutumia umeme wa gari, na waya huo ndio Cheche alikuwa akiutafutia pa kunywea.

"Si uchomeke hapo kwenye kiwashio cha sigara?"

"Hapo pamekufa, Shangazi. Marehemu alipaunguza mwenyewe, kisha akapaziba na gundi."

"Mungu amrehemu. Kila alichokishika alikiziba na gundi."

Nyumba ilikuwa imeuzwa, na mwenyewe mpya alikuwa amesimama uani akitazama saa yake. Mayai nayo yalikuwa yamefikia wakati wa kuanguliwa, hayakuweza kungoja. Cheche alifungua kifuniko cha boksi la fyuzi, akapitisha macho kwenye vile vipande vya rangi rangi vilivyojipanga kama meno ya mtoto, akachomoa fyuzi ya waipa za kufutia kioo. Ilikuwa karibu na mkono, na jua lilikuwa linawaka. Akauzungusha waya wa mashine kwenye mguu wa fyuzi hiyo, akairudisha mahali pake, waya wa hasi akaubana kwa boliti kwenye chuma cha bodi. Ilikuwa kazi ya lipua lipua. Angemfanyia mteja angeona aibu. Lakini ufunguo ulipozungushwa balbu iliwaka, Shangazi akapiga kigelegele kifupi, na safari ikaanza.

Walikaa watatu kwenye kiti kimoja kirefu: Cheche kwenye usukani, Shangazi dirishani, na katikati mke wa Cheche, kasha la mayai mapajani. Yeye alikuwa mshonaji, mwanamke aliyezoea kuimba huku cherehani ikimwitikia. Tangu walipotoka hospitali mikono mitupu, miezi ile ya mvua, alikuwa haimbi. Alipika, alishona, aliitika akiitwa, lakini kama mtu anayesikia sauti kutoka chumba cha jirani. Watu walikuwa wamemwambia atapata mwingine. Cheche naye alikuwa hajamwambia kitu. Kila alipotaka kusema alikuta bisibisi mkononi na gari la mtu linamngoja.

Barabara ilipanda. Miti ikawa mirefu, hewa ikapoa, na mchana ule wa jua ukaanza kufifia pembeni kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kisha wakaingia kwenye ukungu. Haukuja kwa kishindo. Ulitandazwa tu, taratibu, mpaka miti ikabaki vivuli, vivuli vikabaki kitu kama kumbukumbu ya miti, na mbele ya pikapu hapakuwa na kitu ila weupe unaotembea. Mlio wa injini ulisikika kama unatoka mbali, kwenye gari jingine.

"Tumo ndani ya wingu," alisema Shangazi kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia nyumba yenye mgonjwa.

Manyunyu yakatanda kwenye kioo. Cheche akawasha waipa. Zikaenda, zikarudi, zikaenda, kisha zikasimama katikati ya kioo, moja imeegemea nyingine. Hapo hapo mwanga wa rangi ya machungwa ukazimika kwenye mapaja ya mke wake.

Hakuhitaji kuambiwa. Fyuzi moja ilikuwa imebebeshwa mizigo miwili, ikaungua. Akaisogeza pikapu kwa kubahatisha mpaka magurudumu yakagusa majani ya pembeni, akazima injini.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito na laini. Manyunyu hayakusikika yakianguka.

"Cheche," alisema Shangazi. "Uliifungaje?"

"Vibaya."

Shangazi alimtazama. Akafungua mkoba, akatoa tochi. "Haya, ingia chini. Nikumulikie wapi?"

Mke wa Cheche alikuwa tayari amevua shali lake. Alilifunika kasha pande zote, akalikumbatia, akajikunja juu yake mpaka kidevu kikagusa kifuniko. Cheche alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akaingiza kichwa chini ya dashibodi.

Akaichomoa fyuzi iliyoungua. Uzi mwembamba wa ndani ulikuwa umekatika. Akapachika nyingine, ya waipa peke yake safari hii. Kisha akaondoa ufunguo wa gari, akachukua taa yake ya kujaribia, akabana waya wake kwenye chuma, na ncha akaanza kuigusisha fyuzi moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa zimelala, kama inavyotakiwa gari likizimwa. Zipo zisizolala, hilo alilijua. Zinazobaki na umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ya honi ilikuwa macho. Ya taa za breki pia, lakini hizo huzigusi, hasa kwenye ukungu. Akafika kwenye ile ya kiwashio cha sigara, ambayo asubuhi hakuisumbukia kwa kuwa tundu lake lilikuwa limekufa. Taa ikawaka, upande huu na upande ule.

"Marehemu wewe," alinong'ona. Tundu ndilo lililokufa. Fyuzi ilikuwa hai, ina nguvu, na hakuna kingine kilichoitegemea.

Hapo ndipo aliposikia. Ilikuwa sauti ndogo, iliyofunikwa, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Kisha mlio: pii, pii.

"Wanaongea," alisema mke wake. "Bado wamo ndani, na wanaongea."

Cheche alitoa kichwa. Alimwona amelaza sikio kwenye kifuniko, macho yamefumbwa, ukungu ukiingia taratibu kwa mlango uliokuwa wazi na kumzunguka miguu.

"Wetu hakulia," alisema, bila kufumbua macho. "Nilingoja. Nilidhani wananificha, nilidhani wamemtoa nje alie huko. Nikawa nasikiliza ukuta."

Shangazi alishusha tochi. Mwanga ukabaki umeangukia viatu vyake.

"Na mimi nilisikiliza," alisema Cheche. Sauti ilimtoka kama kutu. "Nilikuwa nje, upande wa pili wa ukuta huo. Nikaweka sikio. Mlinzi akadhani nimelewa."

Mke wake alifumbua macho. "Hukuniambia."

"Sikujua nianzie wapi."

"Ungeanzia hapo hapo. Kwenye ukuta."

Cheche aliweka kiganja chake kilichochafuka grisi juu ya shali, karibu na mkono wa mke wake, naye akausogeza mkono mpaka vidole vikagusana. Chini ya plastiki kitu kiligonga tena.

"Wanangu," alisema Shangazi kwa upole, "ongeeni yote. Ila kwanza tuwapatie joto hawa."

Cheche akarudi chini. Safari hii hakuharakisha. Alisafisha ncha ya waya mpaka shaba ikang'aa, akaifunga kwenye mguu wa fyuzi upande unaotoa umeme, akazungusha utepe, akairudisha mahali pake kwa kidole gumba. Balbu ikawaka. Ukungu wote ndani ya gari ukageuka rangi ya machungwa, na nyuso tatu zikawa kama zimechorwa juu yake.

Walikaa hivyo, injini imezimwa, wakitazama. Yai moja lilipasuka ufa, ufa ukawa tundu, tundu likatoa mdomo bapa uliolowa. Kifaranga kilisukuma, kikapumzika, kikasukuma. Kilipotoka kikaanguka kifudifudi, kikalia kwa hasira kubwa kuliko mwili wake. Mke wa Cheche alicheka. Kilikuwa kicheko kilichochanganyika na machozi, naye hakuyafuta.

"Huyu kamrithi Marehemu," alisema Shangazi. "Kaamka analalamika."

Mengine yalianguliwa kesho yake jikoni kwenye nyumba mpya, na machache hayakuanguliwa kabisa. Shangazi aliyazika nyuma ya nyumba bila maneno, mke wa Cheche akiwa amesimama kando yake. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Pale barabarani ukungu ulianza kupungua, mstari mweupe wa lami ukajitokeza, ukapotea, ukajitokeza tena.

"Nipishe," mke wake alimwambia Cheche, akimkabidhi Shangazi kasha. "Niendeshe mimi."

"Ukungu huu?"

"Wewe mikono imejaa grisi. Sogea."

Akasogea. Mke wake alivuta kiti mbele, akapanga kioo cha nyuma, akawasha injini na waipa. Aliitoa pikapu kwenye majani polepole, kama anayemwinua mtu asiamke. Walipoanza kuteremka alisema, macho yakiwa barabarani, "Alikuwa na masikio yako, unajua? Yale makubwa."

"Sikuona," alisema Cheche. "Niambie."

Naye akamwambia, kuanzia nywele.