Sauti Chini ya Hotuba

Mtunza kanda wa redio alipuliza vumbi kwenye boksi la kumi na nne, akapiga chafya, akasoma lebo. "Hii hapa, mama. Jina lako."

Mama Masufuria alisogeza kiti. Jina hilo alibandikwa na majirani miaka thelathini iliyopita, alipotunga muziki wa masufuria, vyerehani, beseni la maji na sauti ya mdogo wake wa kike akiimba bila maneno. Redio iliurusha mara moja tu. Wasikilizaji walidhani redio zao zimeharibika. Mafundi walipata wateja wiki nzima. Mdogo wake alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata kipindupindu kilimchukua. Sauti yake haikubaki kwingine ila kwenye kanda hiyo.

Leo ofisi ya utamaduni ilikuwa inafunga orodha ya wasanii wakongwe wa kupewa kadi ya matibabu. "Lete kazi moja iliyorekodiwa," afisa alimwambia asubuhi bila kuinua macho.

Mtunza kanda aliwasha mashine. Ikatoka sauti ya waziri wa zamani, akiahidi maji ya bomba kila nyumba.

Akaizima haraka. "Samahani, mama. Kanda zilikuwa adimu. Tuliagizwa turekodi juu ya zile zisizo na mwenyewe."

"Mwenyewe nilikuwepo. Nilikuwa nakaa hapo nyuma ya soko."

Mtunza kanda aliinamisha kichwa. "Ni mimi niliyerekodi juu yake."

Mama alielekeza kidole kwenye mashine. "Washa tena."

Waziri akaendelea. Kila alipovuta pumzi, chini yake kulibaki kitu chembamba ambacho mashine haikukifuta vizuri. Mama alishika ukingo wa meza. Mdogo wake alikuwa anaimba, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili. Makofi yakamfunika.

"Unamsikia?"

"Namsikia," alisema mtunza kanda, vinyweleo vimemsimama. Akamtolea nakala, akamwazima na kinasa sauti chake.

Saa tisa, kwenye ofisi ya utamaduni, afisa alisikiliza kidogo. "Hii ni hotuba ya serikali, mama."

"Subiri anyamaze."

"Sina muda wa kusubiri waziri anyamaze." Akagonga mhuri: HANA KAZI. Akafunga daftari.

Mama alitoka, akakaa kwenye benchi la korido katikati ya wakongwe wenzake, akafungua sauti mpaka mwisho. Waliposikia habari ya maji wakacheka. Kisha waziri akavuta pumzi, na mzee mmoja mpiga filimbi akainua mkono wanyamaze.

"Kuna mtu humo ndani."

"Yupo," alisema Mama. "Ni mdogo wangu."