Siku Tisini Kabla ya Kostarika

Mume wangu Metro aliendesha greda la theluji la wilaya kwa miaka thelathini na minane. Kila Februari, sisi wengine tukiwa bado tumejifunika, yeye alikuwa barabarani anaisukuma theluji pembeni, nayo inamrudia nyuma kama mbwa aliyefukuzwa jikoni. Kwa hiyo alipofikisha miaka sabini na saba akasema anataka Februari moja tu asiione hata punje yake, sikumcheka. Nilimcheka baadaye, alipojaribu kaptula.

Nchi aliichagua yeye. Kalenda ya duka la ushirika ilikuwa na picha ya ndege mweusi mwenye mdomo kama ndizi mbivu, na chini yake imeandikwa Kostarika. Mwezi wa kumi tukaenda mjini Yorkton kwa dada anayekatisha tiketi, akatupangia wiki tatu kuanzia tarehe tatu Februari, nyumba ndogo hatua chache kutoka ufukweni. Akatupa na makaratasi ya bima ya matibabu, kurasa kumi na nne. Mimi shule niliishia darasa la nane, na hayo makaratasi niliishia ukurasa wa tatu. Nikayabana kwenye friji kwa sumaku.

Ukurasa wa tatu ulitosha kututia hofu. Ulisema mzee wa umri wetu analipiwa ugonjwa wake akiwa ugenini iwapo tu dawa zake hazikubadilishwa kwa siku tisini kabla ya kuondoka, na kulazwa huko bila bima kungetumalizia nyumba. Metro ana vidonge viwili vya moyo. Akaenda kuwauliza wenzake, wale wazee wanaokunywa kahawa kila asubuhi kwenye mgahawa wa ukumbi wa kuteleza kwenye barafu na kuendesha dunia nzima kutoka hapo. Orest Babiak ndiye aliyemtia sumu. Alimwambia kwamba mwaka juzi daktari alimpunguzia kidonge nusu kwa sababu amepata nafuu, na watu wa bima wakamkataa vilevile. Kubadilishwa ni kubadilishwa, hata kama ni kwa uzima.

Basi Metro akarudi nyumbani akaandika namba kwenye kalenda kuanzia tarehe tano Novemba, moja mpaka tisini, kwa penseli.

"Paraska," akaniambia, "mpaka hizi namba ziishe, daktari asinitazame hata nikiwa naungua."

Nikamwambia akiungua nitawaita watu wa zimamoto, hao hawaandiki dawa. Akaridhika.

Ilipofika siku ya thelathini na kitu nikaanza kuona mambo. Alama za soksi zilikuwa zinabaki mguuni mpaka mchana, zimezama kama kamba kwenye unga. Akaanza kulala kitini, anasema kitanda kimekuwa kigumu, kitanda kilekile tangu tuoane. Akienda kibandani kuleta kuni husimama katikati ya njia, anasema anatazama ndege. Metro hajawahi kutazama ndege maishani mwake isipokuwa aliyekuwa kwenye sahani. Isitoshe, kwa baridi ile hapakuwa na ndege.

Mimi nilijua. Kaka yangu Havrylo alikwenda hivyohivyo: moyo ukichoka kusukuma, maji yanatuama mwilini, yanaanzia miguuni yanapanda taratibu mpaka kifuani. Najua yanavyopanda. Nilikaa naye mpaka mwisho.

Lakini ningesema nini? Nikisema, safari imekufa. Nikinyamaza, sijui kama atafika. Kwa hiyo nikafanya wanachofanya wanawake wasio na la kufanya, nikaanza ujanja wa jikoni. Nikaondoa chumvi kwenye chakula. Perohi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, bila chumvi, supu ya viazi vyekundu bila chumvi. Akauliza kama nimegombana na mwenye duka. Nikasema ulimi wake ndio umezeeka. Akatoka akaenda kwa akina Orest, akala chipsi na mchuzi sahani nzima, akarudi na ndevu zina harufu ya ushahidi. Nikaweka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani ili alale ameinuka. Usiku wa kwanza mimi ndiye niliyeteleza mpaka chini.

Ujanja wangu mkubwa ulikuwa begi. Nilimwambia ndege haipokei begi la zaidi ya kilo ishirini na tatu, kwa hiyo lazima tulipime. Nikaleta mizani ya bafuni mlangoni. Unasimama na begi, kisha unasimama bila begi, unatoa. Hesabu hiyo hata darasa la nane wanaiweza. Begi lenyewe sikulijali. Nilikuwa namtaka yeye peke yake juu ya mizani, kila asubuhi, kabla hajanywa chai. Kila nilipoongeza kofia ya jua au kandambili, nikasema tupime tena. Akapima bila kunung'unika. Kilo themanini na mbili. Themanini na tatu. Wiki ya Krismasi, themanini na tano na nusu.

Krismasi yetu, kwa kalenda ya zamani ya kanisa, ni tarehe saba Januari, na usiku wa kuamkia siku hiyo ni sahani kumi na mbili, mojawapo samaki wa chumvi, huwezi kumwacha. Nilimlowesha siku mbili, nikambadilishia maji mara tano, akatoka hana ladha kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Metro alimla wote. Alisema ni mtamu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba anajua ninachofanya, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili angesifu samaki yule.

Baada ya sikukuu kilo zikashuka. Themanini na tatu. Themanini na moja. Nikaanza kujisifu moyoni, nikasema Paraska, umemshinda daktari. Siku iliyofuata mizani ikasema sabini na nne, uzito aliokuwa nao siku ya harusi yetu. Nikainua macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika fremu ya mlango, umeikaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe, anajining'iniza asiwe mzito.

Alishuka, nikaandika sabini na nne kwenye karatasi.

Siku ya sabini na moja asubuhi alikaa kwenye benchi la mlangoni kufunga buti, hakuweza kuinama. Akajaribu, akapumua, akajaribu tena. Sauti ya kupumua kwake naijua, niliwahi kuisikia kwa Havrylo.

"Bado kumi na tisa," akasema.

"Metro."

"Kumi na tisa tu, Paraska. Mtoto anaweza kungoja kumi na tisa."

"Mtoto anaweza kufunga viatu."

Akanitazama. Nilikuwa nimekwisha kushika simu. "Ukipiga hiyo," akasema polepole, anatafuta pumzi katikati ya maneno, "usinisemeshe mpaka theluji iyeyuke."

Nikapiga. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia kama mtu anayefungua mlango wa banda la kuku huku mbweha amesimama upande huu na mwingine upande ule.

Daktari, mama mwenye haraka na mikono ya moto, hakufanya makubwa. Alimwongezea kidonge kimoja cha kutoa maji, kidogo kama punje ya mtama. Metro alikojoa siku tatu. Siku ya nne vifundo vya miguu vilionekana tena, akalala kitandani, akaenda kibandani na kurudi bila kutazama ndege hata mmoja. Daktari akampiga begani, akamwambia sasa yu mzima, aende zake Kostarika.

Nikaenda kupiga simu ya bima nikiwa chumba cha nyuma, mlango nimeufunga. Nilimwuliza kijana wa huko kama kidonge kimoja kidogo nacho kinahesabiwa. Kinahesabiwa, akasema. Nikamwuliza, tuseme kuna mtu miguu yake ilivimba lakini hakwenda kwa daktari kabisa, wala dawa haikubadilishwa. Huyo je?

"Dalili pia zinahesabiwa, mama," akasema kwa upole. "Hata asipomwona mtu. Ipo ukurasa wa tisa."

Nikamshukuru. Nikaenda jikoni, nikauchomoa ukurasa wa tisa chini ya sumaku. Upo. Ulikuwa hapo wakati wote, hatua mbili kutoka kwenye jiko ninalopikia bila chumvi. Safari ilikufa mwezi wa kumi na mbili, siku soksi zilipoacha alama ya kwanza. Kupumua kule kwa shida, kulala kitini, samaki yule, vyote tulivifanyia maiti.

Metro alikuwa mezani, ananinunia kama alivyoahidi. Ningeweza kumwonyesha. Ningesema, siyo mimi niliyeiharibu, ni miguu yako. Nikafikiri, mtu akiwa na mke wa kumlaumu hana haja ya kuulaumu moyo wake, na moyo anao mmoja tu. Nikaukunja ukurasa nikautia motoni.

Tarehe tatu Februari ilianguka theluji hadi madirishani. Greda la wilaya lilipita, kijana mpya anaendesha, Metro akasimama dirishani akimsahihisha kwa mkono.

Halafu akaja kwenye kalenda na penseli. Akahesabu tangu siku ya kidonge, akagonga tarehe kumi na tano Aprili. "Tisini," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu nilipopiga simu. Nikamwambia Aprili theluji yenyewe inatukimbia, sisi tutakwenda kumkimbia nani. Hakucheka. Akafuta namba za zamani, akaandika mpya, moja mpaka tisini.

Asubuhi ya leo alivuta soksi ndefu mpaka magotini, akaleta mizani mlangoni mwenyewe bila kuambiwa. Akapanda na begi, akashuka, akapanda bila begi.

"Soma," akasema.

Niliinama nikasoma namba. Themanini. Sikuinua macho kuutazama mkono wake.